Mwanasesere wa Mtoto na wa Mkusanyaji: Mbuni Aanze na Nani?

Mwaka 1978 waliingia madukani wanasesere wa aina mbili ambao mpaka leo wabunifu wa vichezeo hawajaacha kuwachunguza. Aina ya kwanza ni mtu mdogo wa LEGO, kampuni ya vichezeo vya matofali ya plastiki, kazi ya Jens Nygaard Knudsen wa Denmark, mwenye urefu wa takriban sentimita 4, uso wa njano, nukta mbili za macho na mstari mmoja wa tabasamu. Aina ya pili ni wahusika wa filamu ya Star Wars waliotengenezwa na kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, ambao wengi wao walikuwa na urefu wa karibu sentimita 9.5 na viungo vitano tu vinavyosogea, yaani shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Wote walikusudiwa watoto. Bei zao zilimudiwa na mzazi wa kawaida, plastiki yao ilistahimili mchanga na maji, na umbo lao lilikuwa la kawaida sana likilinganishwa na sanamu za mapambo. Hata hivyo, hao hao ndio ambao watu wazima huwatafuta minadani, huwapanga katika makabati ya vioo na kubishana kuhusu rangi ya vazi la mhusika mmoja.

Siku hizi jambo hilo limetoka pembezoni mwa biashara na kukaa katikati. Kwa takwimu za kampuni ya utafiti wa masoko ya Circana, katika robo ya kwanza ya mwaka 2024 watu wazima wa Marekani waliojinunulia vichezeo wao wenyewe walitumia fedha nyingi kuliko zilizotumika kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kundi ambalo siku zote lilikuwa tegemeo la soko hilo. Ndiyo maana kila kampuni inataka mwanasesere atakayependwa na wote wawili, na wabunifu wengi wanaopewa kazi hiyo huteleza mwanzoni kabisa kwa kutafuta wastani. Humwongezea mwanasesere wa mtoto nakshi kidogo ili amvutie mtu mzima, au huipunguzia sanamu ya mkusanyaji gharama ili mzazi aimudu, na matokeo yake ni kitu kinachovunjika mkononi mwa mtoto na kisichomridhisha mkusanyaji. Naamini kwamba kazi hii haina wastani. Yapo mambo machache ambayo mahitaji ya wawili hao yanagongana ana kwa ana, na hapo sharti mtoto ndiye apewe haki. Na yapo mengine mengi ambayo mahitaji yao yanalingana, ingawa kila mmoja ana sababu zake. Mbuni anayeyatenganisha makundi hayo mawili kabla ya kushika penseli huwa ameshavuka nusu ya safari.

Mgongano mkubwa kuliko yote uko kwenye vipande vidogo. Mkusanyaji hupenda upanga unaochomoka alani, mkufu, kofia ya kuvua na kuvaa, na viganja vya ziada vya kubadilisha. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa upande wake, huichunguza dunia kwa mdomo. Maabara za upimaji humlinda kwa kutumia silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7, ambayo sakafu yake imeinama ili kina kianzie milimita 25.4 upande mmoja na kufikia milimita 57.1 upande wa pili, kwa kukadiria koo la mtoto huyo. Kipande chochote kinachozama chote ndani ya silinda bila kubonyezwa hakiruhusiwi katika kichezeo cha umri huo. Tena haitoshi kupima kichezeo kikiwa kizima. Kwanza hudondoshwa, huvutwa na kupindwa, kisha kila kilichobanduka hutiwa ndani ya silinda hiyo. Kanuni za Marekani zinataka kichezeo cha mtoto wa miezi 18 au chini ya hapo kidondoshwe mara 10 kutoka kimo cha futi 4.5, karibu mita 1.4.

Umbo nalo lina hatari zake hata pale ukubwa unapotosha. Watu wadogo wa kampuni ya vichezeo ya Fisher-Price, waliokuwa na kichwa cha duara juu ya kiwiliwili kilichonyooka kama kigingi, walipendwa kwa miongo kadhaa, mpaka ilipodhihirika kwamba kichwa cha mviringo cha ukubwa ule kinaweza kuziba koo la mtoto na kushindikana kutolewa. Mwaka 1991 kampuni hiyo ilileta toleo nene, lenye kiwiliwili kipana, lisiloweza kuingia kooni. Wakusanyaji huyathamini matoleo ya zamani, na wana haki ya kuyapenda. Lakini mbuni wa leo hana ruhusa ya kurudia umbo lile kwa kisingizio cha kuenzi historia.

Kisa cha Boba Fett, mhusika wa Star Wars, kinaonyesha mgongano huo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1979 Kenner iliwaahidi watoto mwanasesere wa mhusika huyo kwa njia ya posta, akipewa yeyote atakayetuma vithibitisho vinne vya ununuzi, na katika tangazo la awali alibeba mgongoni kombora dogo jekundu la kufyatuka kwa springi. Wakati huo huo habari zilikuwa zimeenea Marekani za mtoto aliyefariki baada ya kukabwa na kombora dogo la kichezeo cha kampuni nyingine. Kenner ikauondoa mfumo wa kufyatua, na watoto walipofungua vifurushi vyao walikuta kombora limegandishwa mahali pake. Mifano michache ya majaribio yenye kombora la kufyatuka ilibaki, na mmoja wao uliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola 525,000 za Marekani. Wapo wanaotumia kisa hiki kudai kwamba usalama uliiua kazi nzuri. Mimi nakisoma kinyume chake. Boba Fett asiyefyatua chochote aliuzwa kwa wingi na bado anapendwa na wakusanyaji wengi mno, kwa sababu kilichompa mvuto kilikuwa kofia yake ya chuma, ukimya wake na umbo lake linalotambulika ukimwona kwa mbali. Kombora halikuwa roho ya mhusika.

Sheria imeweka mlango wa kutokea kwa wale wasiotaka kubanwa na masharti haya. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu usalama wa vichezeo yanahesabu kuwa kichezeo kila kitu kilichokusudiwa kuchezewa na watoto wa chini ya miaka 14, lakini yanaziacha nje bidhaa za wakusanyaji iwapo zimeandikwa waziwazi kwamba ni za watu wa miaka 14 na zaidi. Kampuni nyingi hupita mlango huo, nyingine kwa haki na nyingine kwa hila. Sanamu yenye vipande vingi vyembamba na bei ya juu kweli ni ya mkusanyaji. Lakini kidoli chenye manyoya laini, macho makubwa na mashavu ya kitoto hakigeuki kuwa cha watu wazima kwa kuandikiwa umri mkubwa kwenye boksi, na mamlaka za Marekani vilevile huangalia sura ya bidhaa, namna inavyotangazwa na namna watu wanavyoielewa, si maandishi ya mtengenezaji pekee. Labubu, mhusika aliyebuniwa na Kasing Lung na kuuzwa duniani kote na kampuni ya Pop Mart ya China, ni mfano mzuri wa ugumu huo. Huuzwa kama bidhaa ya vijana na watu wazima, lakini mtoto yeyote akimwona hunyoosha mkono. Mwaka 2025 tume ya usalama wa bidhaa za walaji ya Marekani ililazimika kutoa onyo kuhusu nakala bandia za mhusika huyo, kwa sababu vipande vyake vilibanduka kirahisi na vingeweza kumkaba mtoto. Mbuni wa asili hawezi kulaumiwa kwa kazi ya waigaji, ila akibuni uso unaomwita mtoto, ajue kwamba mtoto ataitika.

Tukiuacha usalama wa vipande na kuingia kwenye nyenzo, mambo hubadilika, na hapa ndipo penye utajiri ambao wengi hawauoni. Wanasesere wengi hutengenezwa kwa PVC, plastiki ambayo kwa asili yake ni ngumu na hulainishwa kwa kuchanganywa na kemikali za vilainishi. Baadhi ya vilainishi hivyo, vya jamii ya fathaleti, vimewekewa ukomo mkali katika bidhaa za watoto, kwa mfano asilimia 0.1 katika sheria za Marekani, kwa sababu havishikamani na plastiki moja kwa moja: hutoka polepole, na mtoto anayenyonya mkono wa kidoli hunyonya na vyenyewe. Sasa mtazame mkusanyaji. Yeye hamtii mwanasesere mdomoni, lakini baada ya miaka kadhaa kabatini hugundua kwamba ngozi ya sanamu yake imeanza kunata, inashika vumbi na haifutiki vizuri. Sababu ni ile ile: vilainishi vimehama kutoka ndani na kujikusanya juu. Kwa hiyo mbuni anayechagua plastiki isiyotoa vilainishi huwa amemlinda mtoto wa leo, na pia amemhifadhia mkusanyaji mali yake ya miaka 30 ijayo, kwa uamuzi mmoja na gharama moja.

Wakusanyaji wa Barbie wanalijua somo hilo kwa namna nyingine. Wanasesere wengi wa miaka ya mwanzo, baada ya Ruth Handler kumzindua Barbie mwaka 1959, walitobolewa masikio na kuvishwa hereni za chuma zilizokuwa na shaba. Chuma kilipopata kutu ndani ya vinyli laini, doa la kijani lilienea kutoka sikioni kuelekea shavuni, na doa hilo huwasumbua wamiliki mpaka leo. Hereni hizo zilikuwa pia kipande kidogo chenye ncha. Kama zingechorwa au kufinyangwa pamoja na kichwa, mtoto asingechomwa na mkusanyaji asingepata doa.

Kuhusu viungo, maoni hutofautiana sana, na nitasema langu bila kuzunguka. Sanamu za kisasa za wakusanyaji huwa na viungo 20 na zaidi, magoti yenye bawaba mbili na mabega ya gololi, ili mwenye nayo aipange katika mkao wowote. Kila kiungo ni mahali pa kulegea, pa kuvunjikia na pa kubanwa kidole. Mtoto wa miaka mitano hahitaji goti linalokunjika mara mbili; anahitaji mwanasesere anayesimama bila kushikiliwa, anayekaa ndani ya gari na anayeweza kushika kitu. Kenner waliliona hilo walipochagua kimo kidogo: mwanasesere wa sentimita 30 angehitaji chombo cha angani kisichoingia chumbani, ilhali yule wa sentimita 9.5 aliwezesha chombo, rubani na mchezo mzima kuwekwa kwenye zulia moja. Kimo hicho kilichochaguliwa kwa ajili ya mchezo kikaja kuwa kipimo cha mikusanyo, maana wahusika mamia wanaolingana urefu hupangika rafu moja bila kuonekana kama makabila tofauti. Mtu wa LEGO naye alitanguliwa mwaka 1975 na toleo lisilo na uso, ambalo mikono na miguu yake haikusogea. Miaka mitatu baadaye Knudsen aliipa mikono uwezo wa kuzunguka, akaifanya miguu ipige hatua na kukaa, na akatengeneza kiganja cha umbo la kibano kinachoshika kila chombo katika mfumo mzima. Hapakuhitajika zaidi ya hapo.

Uso ndio unaohitaji fikra nyingi kuliko kiungo chochote. Hans Beck, aliyewabuni watu wa Playmobil nchini Ujerumani na kuwaleta sokoni mwaka 1974, aliwapa kichwa kikubwa, macho mawili, tabasamu na bila pua, akifuata jinsi watoto wenyewe wanavyochora binadamu. Uso wa namna hiyo humwachia mtoto nafasi: asubuhi mtu yule yule ni daktari mwenye huruma, na jioni ni mwizi anayekimbizwa. Mkusanyaji hutaka kinyume chake, yaani sura inayofanana na mhusika anayemjua, kovu likiwa upande uleule na nywele zikiwa na mwelekeo uleule. LEGO walitatua mvutano huu hatua kwa hatua. Mwaka 1989 maharamia walipewa nyuso tofauti, wenye ndevu na wenye kitambaa jichoni. Mwaka 2001 Profesa Quirrell wa hadithi za Harry Potter alipewa kichwa chenye nyuso mbili, mbele na nyuma, jambo ambalo mtoto aliligeuza kuwa mchezo na mkusanyaji akaliona kuwa uaminifu kwa hadithi. Kuanzia mwaka 2004 wahusika wanaotoka katika hadithi zenye hakimiliki wakapewa rangi za ngozi za kibinadamu badala ya njano. Katika mabadiliko yote hayo kiwiliwili, miguu na kiganja vya wahusika wengi vilibaki na umbo lile lile. Utofauti ulipelekwa kwenye chapa ya rangi na nywele za kuvalishwa, nao mwili ukabaki mmoja. Hilo naliona ndilo somo kubwa kwa mbuni, kwa sababu kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali mno, ilhali kubadilisha chapa ni nafuu. Mwili mmoja ulio imara unaweza kumbeba mhusika wa mtoto leo na toleo la wakusanyaji mwakani.

Lipo jambo moja la soko la wakusanyaji ambalo nisingependa kabisa liingizwe kwa watoto, nalo ni kufichwa kwa bidhaa ndani ya kifungashio ili mnunuzi asijue anapata yupi. Mwaka 2013 LEGO ilichanganya wanasesere 5,000 wa rangi ya dhahabu katika mifuko yake iliyofungwa, na katika matoleo mengi ya Labubu yupo mmoja wa siri ambaye hupatikana kwa wastani wa boksi 1 kati ya 72. Mtu mzima anayejua hesabu ya bahati na anayetumia mshahara wake ana hiari yake. Mtoto wa miaka sita hana uwezo wa kuelewa 1 kati ya 72. Anaelewa tu kwamba hakupata, na kwamba baba akinunua tena huenda akapata. Nadra inaweza kutengenezwa kwa njia ya haki, kwa mfano toleo la rangi maalumu linaloonekana dirishani na lenye idadi iliyotangazwa, na mkusanyaji hatapungukiwa na kitu.

Ili mambo haya yashikike, tuchukue wahusika wasio na mwenyewe na ambao kila msomaji wa Kiswahili anawafahamu tangu utotoni: Sungura na Fisi wa ngano zetu. Utambulisho wa Sungura ni masikio. Yakiwa marefu, membamba na magumu, yatavunjika au yatamchoma mtoto atakayemwangukia. Yakichomekwa kama vipande vya pembeni, yatavutwa yatoke na kuzama kwenye silinda ya maabara. Yakilazwa yote mawili yashikamane na kisogo, usalama utapatikana lakini kivuli cha mhusika kitapotea, na mkusanyaji humtambua mhusika kwa kivuli kabla hajaona rangi. Ningelifinyanga kichwa na masikio kuwa kipande kimoja cha plastiki inayopinda, shina la kila sikio likiwa nene, sikio moja limesimama na la pili limekunjika kidogo katikati. Hatari hupungua, na mhusika hupata tabia: anasikiliza upande mmoja huku akipanga hila upande wa pili.

Fisi ana faida ya miguu minne, kwa hiyo husimama mwenyewe hata kwenye mkeka, ila mgongo wake unaoteremka kuelekea nyuma humpelekea uzito mbele, na miguu ya mbele lazima itanuliwe kidogo ili asidondokee pua. Ulafi wake uko mdomoni. Mdomo wazi wa kushika mfupa utamfurahisha mtoto, kwa sababu ni kitendo, na utamfurahisha mkusanyaji, kwa sababu ndiyo hadithi yenyewe. Mfupa huo hauwezi kuwa mdogo, maana ni kipande kinachotengana. Ukiwa na urefu wa milimita 70 na ncha bapa zisizo za mviringo, hautazama kwenye silinda wala hautakuwa na kichwa cha kuziba koo. Kwa Fisi wa sentimita 12, mfupa wa namna hiyo ni zaidi ya nusu ya mwili wake, na hapo masharti ya usalama yanakuwa yameuchora ulafi wa mhusika kuliko ambavyo mbuni angethubutu.

Kalibu za wawili hao zingekuwa zile zile kwa soko zote mbili. Toleo la mtoto lingekuwa na rangi iliyochanganywa ndani ya plastiki yenyewe ili isibanduke kwa kunyonywa na kusuguliwa, na macho ya chapa rahisi. Toleo la mkusanyaji lingekuwa na chapa za ziada za manyoya na madoa, kwa wino ule ule uliopimwa kwa ajili ya watoto, kwa kuwa hakuna anayeweza kuhakikisha kwamba mjukuu hatalifikia kabati. Mwaka na namba ya toleo vingechongwa ndani ya kalibu ili vitokee chini ya unyayo, visiwekwe kwenye karatasi ya kubandika. Karatasi mtoto huibandua siku ya kwanza, na mkusanyaji atakayempata Sungura huyo miaka mingi baadaye, akiwa amepauka na ana alama za meno sikioni, atamgeuza atazame hapo hapo.